Ndoo ya Matumbo

Ninyi vijana mnaofuga kuku nyuma ya nyumba mna tabia moja inayonikera. Mnanijia na simu mkononi, mnanionyesha mtu wa nchi nyingine anatwanga mbegu za papai, halafu mnaniuliza, "Muzee, hii dawa ya minyoo inafanya?" Hamsalimii sawasawa, hamkai, mmoja akitoka mwingine anaingia na swali lile lile. Leo kaeni chini. Nitawajibu wote mara moja, maana kifua changu hakina tena pumzi ya kurudia.

Inafanya. Lakini haifanyi kwa namna mnavyodhani. Mimi mwenyewe nilichelewa kuijua namna yenyewe, na kiburi changu kilikaribia kumrudisha mwanamke mmoja kwenye risasi alizokuwa amezikimbia.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi si veterineri, daktari wa mifugo, sikukaa darasani. Kazi yangu ilikuwa kuchinja kuku, hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko, na niliiacha mkono ulipoanza kutetemeka, kwa sababu kisu kinachotetemeka kinamtesa mnyama na dini haitaki hivyo. Veterineri anamwangalia kuku kwa nje, anashika kidevu, anafikiri. Mimi nilimwona kwa ndani, kila siku ya Mungu, tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Mtu akinidanganya kwamba kuku wake ni wazima, utumbo ulikuwa unanieleza mambo mengine kabisa.

Nanyi mnaijua desturi ya mji huu. Mkristo wa mtaa wa Kinama akiwa na harusi, au Mkongomani akiwa na ubatizo, anajua kwamba katika wageni wake hatakosa Mwislamu. Basi kuku wanaletwa kwetu wachinjwe, ili watu wote wale sufuria moja bila mtu kuuliza maswali. Hata katika miaka ya vita, wakati mtu wa mtaa huu alikuwa anaogopa kukanyaga mtaa ule, kuku waliendelea kuja. Walikuja ndani ya vikapu, ndani ya magunia, wengine kwenye mfuko wa koti na kichwa kikichungulia nje. Kwa hiyo nilijua hali ya kuku wa mji mzima bila kutoka kibandani.

Aliyenifundisha kazi ni mjomba wangu Saidi, ndugu wa mama. Alikuwa mtu mkali mwenye sauti ndogo. Alinifundisha kupitisha vidole viwili kwenye utumbo kabla ya kuupasua. Utumbo wa kuku mzima ni laini, vidole vinateleza hadi mwisho. Wenye minyoo una sehemu ngumu ngumu, na ukipasua pale unawakuta wamejazana, weupe, wembamba, kama tambi za futari. Wengine ni bapa, wanakatika vipande vidogo mfano wa punje za mchele. Hao bapa ni tegu, na tegu ni msumbufu kuliko yule mwingine.

Tena alinifundisha adabu yake. Minyoo ya kuku haiharibu nyama, matumbo yanatupwa na nyama inapikwa kama kawaida, lakini mwenye kuku unamwambia pembeni. Mimi mwanzoni sikulisikia hilo. Siku moja walikuja watu wa harusi na kuku wao, nami, kijana mjinga, nikapaza sauti, "Aa, hawa wamejaa minyoo!"  Shangazi wa bwana harusi alizoa manyoya yaliyolowa maji ya moto akanipiga nayo usoni. Mjomba akamwomba radhi, halafu akanigeukia, akaniambia, "Amekusaidia. Mi ningekupiga na ndoo."

Lakini mjomba naye alikuwa na makosa yake, Mungu amrehemu. Dawa yake ya minyoo ilikuwa tumbaku. Aliloweka majani usiku kucha, asubuhi akamnywesha kuku kijiko. Kulikuwa na jogoo mmoja mzuri sana, mwekundu, mwenye kuku alikuwa amemleta atibiwe kwanza, achinjwe wiki ijayo kwa ajili ya wageni. Akanyweshwa. Akatembea hatua chache, akakaa, akainamisha kichwa. Mjomba akaruka kuchukua kisu ili amuwahi akiwa hai, maana akishakufa ni mzoga na haliwi tena. Hakumuwahi. Mwenye jogoo alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, anaangalia. Tangu siku ile tumbaku siitaki karibu na kuku, na ninyi msiitake. Inaua minyoo, ndiyo, na kuku mwenyewe inaondoka naye.

Vita ilipokolea, kuku waliteseka kama watu. Hilo hamlijui kwa sababu hamkuwepo. Zamani kuku wa Buyenzi alikuwa anazunguka avenyu nzima, anachakura huku na kule, jioni anarudi kwao. Sasa watu walianza kuwafungia, kwa sababu kuku anayezunguka alikuwa anaingia kwenye sufuria ya mwingine. Wengine waliwaweka chini ya kitanda. Wengine waliwajaza kwenye uchochoro kati ya nyumba na ukuta, mahali pasipofika jua. Na mipaka ilipofungwa kwa bidhaa, dawa za duka zikakosekana. Ile dawa ya unga tuliyokuwa tunachanganya na maji ya kuku ikawa hadithi.

Hapo ndipo watu walipoanza kuniuliza mimi, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa na kitu ambacho wengine hawana: kila dawa niliyomwambia mtu, niliweza kuikagua, kwa sababu kuku wale wale mwishowe walirudi kwangu kuchinjwa. Nilimwambia mmoja ajaribu majani machungu ya umubirizi, yaliyopondwa na kulowekwa. Kuku hawakuyagusa maji yale hata kidogo, walikuwa wanakunywa kwenye mtaro. Nikajifunza kwamba umubirizi unatolewa asubuhi kuku wakiwa na kiu, na maji mengine yote yameondolewa, tena uwe mwepesi. Mwingine nilimpa kitunguu saumu. Akazidisha, mayai yakanuka hadi mumewe akauliza ni nani amepika kitunguu ndani ya yai. Mbegu za maboga zilizotwangwa zilinipendeza, hasa kwa tegu. Nilipasua utumbo nikawakuta tegu wamelegea, hawajashika.

Na mbegu za papai. Watu walikuwa wanazimwaga chini nzimanzima, kuku wanazidonoa, wao wanafurahi. Mimi nilipasua utumbo nikakuta mbegu nzima nyeusi zimelala pembeni ya minyoo, na minyoo haina habari. Kuku anayezunguka ana changarawe kwenye firigisi, anasaga. Kuku aliyefungiwa chini ya kitanda atasagia nini? Kwa hiyo zitwangwe. Zikaushe kivulini siku mbili tatu, zitwange, changanya na pumba kidogo yenye maji, kijiko kimoja cha mezani kwa kuku kumi, siku tatu mfululizo, halafu unaacha hadi mwezi mwingine. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, sikuyasikia kwa mtu.

Mnaona nilivyokuwa. Fundi. Watu walinisalimia kwa heshima. Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na mwanamke wa Uvira, Mama Faraja. Alivuka na mtoto mmoja wa kike, Faraja mwenyewe, vita ilipofika kwao upande wa Kongo. Mume hakufika. Alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye parseli, kiwanja kilichopakana na kibanda changu, mwenye nyumba akamruhusu afuge kuku nyuma, karibu na bomba. Mwanamke wa kanisa, mwimbaji, mkavu wa maneno. Kuku wa kwanza walimalizwa na ugonjwa wa kideri. Akaanza tena na majike matatu, akayatunza yakaangua, yakafika kumi na nane. Mayai yale ndiyo yalikuwa chakula, ndiyo yalikuwa sabuni, ndiyo yalikuwa daftari la mtoto.

Shemeji yake wa Uvira alikuwa anamtumia maneno kila mara: rudi, nyumba ya ndugu yangu inaharibika, rudi. Yeye alijua kinachomngoja kule. Jirani yake mmoja alikuwa amerudi kabla yake, na hakuna aliyemsikia tena. Siku moja ameketi kwenye benchi langu akaniambia waziwazi.

"Baba Mwajuma, hii kuku njo miguu yangu ya hapa. Ikikufa tena, mi nitafanya nini Bujumbura? Nitarudi tu."

"Hawatakufa," nikamwambia. "Mimi nipo."

Nilisema hivyo kwa kinywa kipana, na nilimaanisha. Nilimwonea huruma yule mama. Na kwa huruma hiyo nikaanza kumpa ndoo.

Ndoo ilikuwa hivi. Kila siku nikimaliza kazi nilikuwa na ndoo ya matumbo ya kuku wote niliochinja, pamoja na maji niliyooshea. Zamani nilikuwa nayafukia kwenye shimo. Lakini chakula cha kuku kilikuwa kimeadimika, ndagala wa kukausha, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wanaliwa na watu hadi kichwa, nani angewapa kuku? Kuku anapenda matumbo, mnajua. Basi nikawa namwinulia Mama Faraja nusu ya ndoo juu ya ukuta, naye anaimwaga pale karibu na bomba, kuku wanakuja mbio. Nusu nyingine nilipeleka kwangu nyumbani, kwa kuku wa mke wangu. Niliona ninafanya jambo la thawabu. Hata msikitini nilitembea nimenyoosha mgongo.

Miezi miwili ya kwanza kuku wake walinenepa. Mwezi wa tatu masika yakaanza, nao wakaanza kupungua. Walikula lakini kifua kilibaki mfupa. Vilemba vya kichwani vikapauka, mayai yakawa machache, kisha jike moja likafa. Aliniletea la pili likiwa bado linapumua, nikalichinja, nikapitisha vidole. Sikuhitaji kupasua. Utumbo mzima ulikuwa umejaa.

"Papai," nikamwambia. "Zilizotwangwa."

Akatwanga. Alikuwa mtu wa kufuata neno: kijiko ni kijiko, siku tatu ni siku tatu. Baada ya wiki kadhaa tukafungua mwingine, naye amejaa. Nikamwongezea mbegu za maboga. Nikamwongezea umubirizi. Nikamwongezea vitunguu saumu, hata Faraja akakataa mayai kwa harufu. Kuku kumi na wanane wakawa kumi na wawili, kisha tisa, kisha saba.

"Baba Mwajuma," akaniambia asubuhi moja, bila ukali, jambo ambalo ni baya zaidi, "kwangu dawa imekuwa mingi kuliko chakula. Na kuku inakufa tu. Shemeji amesema iko lori ya kwenda Uvira, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wenye unakuja. Anatushikia nafasi."

 Nikajisemea labda anakosea vipimo. Ndivyo fundi anavyofanya akishindwa, anamtafuta mwenye makosa nje ya kibanda chake.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mteja wangu kutoka Kinama, ametembea na majike manne kwenye kikapu. Nikapitisha vidole: laini hadi mwisho, yote manne. Nikamuuliza kwa haraka, "Unawapa nini?" Nilitegemea ataniambia jani fulani la siri.

"Siwapatie kitu," akasema. "Wanakula mabaki ya ugali na mboga ya lengalenga. Kibanda chao kiko na miguu minne, kila Jumapili mi na bwana yangu tunakisogeza. Apana kingine."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa, nikamsimulia mke wangu, Mama Mwajuma, wakati anachambua mchele. Kuku wetu nao walikuwa wamekonda, lakini wa kwetu sikuwa nimewawaza, maana fundi hatazami kwake. Mke wangu hakuinua hata macho.

"We mwanaume, fungua macho basi," akasema. "Kuku yote yenye inakula ndoo yako njo yenye iko na minyoo. Ya kwangu, na ya yule mama. Ya wengine inanenepa."

"Nyamaza, hujui kazi yangu."

"Kazi yako siijue. Kuku yangu ninaijua."

Nilikasirika sana. Niliacha chai yangu nikatoka. Nilikasirika kwa sababu maneno yake yalikuwa yameshaingia na sikuweza kuyatoa. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja aliyekuwa veterineri wa serikali zamani, alikuwa anakaa avenyu ya pili kutoka kwangu na mimi ndiye niliyemchinjia kuku wake wa sikukuu. Nilimuuliza kwa kuzunguka, eti kuna mtu fulani anafanya hivi na hivi. Alinielewa tangu neno la kwanza, lakini alikuwa mwungwana.

"Munyoo mukubwa ukiliwa na kuku unakufa, siyo shida," akanieleza. "Shida ni mayayi yake. Iko mengi sana, hauioni na macho. Inamwangika na matumbo, inamwangika na yale maji ya kuosha. Inataka udongo wenye majimaji, inataka kivuli. Wiki mbili, tatu, inakomaa. Kuku anadonoa pale, na minyoo inaanza upya. Huyo mutu wako anaweza kutwanga papai ya Burundi nzima. Akimwaga ndoo kila siku pale pale, anapanda na anavuna."

Basi, wajukuu, mnaelewa nilichokuwa nimefanya. Minyoo ya kuku wa mji mzima, ya Kinama, ya Rohero, ya kila aliyekuwa na sherehe, ilipita mikononi mwangu, na mimi niliikusanya kwenye ndoo moja nikaimwaga kwenye uwanja wa mama mmoja mkimbizi, mahali penye unyevu wa bomba na kivuli cha ukuta. Kisha nikamuuzia ufundi wa kuiondoa. Mjomba Saidi alikuwa na shimo na alilifukia kila siku. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza.

Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Siku ya tatu nilimfuata pale bombani. Ndoo ya siku hiyo nilikuwa nimeshaifukia.

"Leo haukunipatia ndoo," akasema.

"Mama Faraja, ndoo ndiyo iliyoua kuku wako."

Nikamweleza yote, sikuacha kitu. Alisikiliza huku amefunga bomba ili maji yasipige kelele. 

"Kumbe ni we," akasema.

"Ni mimi."

"Mi nilikuwa naombea we kwa kanisa. Kila Jumapili. Nasema Mungu bariki ule Muislamu mwenye ananipatia chakula ya kuku." Sauti yake ikapanda. "Toka kwa kuku yangu! Toka!"

Nikatoka. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile, hata siku ya manyoya usoni. Siku tatu alipita mbele ya kibanda changu bila kugeuza shingo. Siku ya nne nikiwa nanoa kisu, kitu kikaanguka mbele ya miguu yangu. Lilikuwa jembe. Mama Faraja alikuwa amesimama mbele yangu na mikono kifuani.

"Ule udongo utajichimba peke yake?"

Tulichimba siku nzima, mimi na yeye. Tuliondoa udongo wa juu wote kuzunguka bomba, kina cha kiganja na zaidi, nikaubeba kwa toroli hadi mbali kabisa na kuku wa mtu yeyote. Kwenye parseli ya nyuma kulikuwa na rundo la mchanga wa ziwani, wa Kajaga. Mwenye parseli alikuwa anajenga, vita ikamsimamisha kwenye msingi. Nilimwomba, akasema chukueni, mimi nyumba nitaijenga siku Mungu akipenda. Tukaumwaga pale, mchanga mkavu, maji hayatuami. Nikapasua mfereji wa bomba uelekee barabarani. Nikamtengenezea kibanda cha miguu minne kama cha yule mama wa Kinama, cha mbao za maboksi, na nikabomoa safu mbili za matofali juu ya ukuta, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ili jua la asubuhi liingie. Majivu ya mkaa makavu tuliyatandaza chini ya kibanda. Kila baada ya siku mbili alifagia mavi akayachoma, na kila Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakisogeza kibanda, yeye upande huu na mimi upande ule.

Ndipo sasa tukarudi kwenye papai. Siku tatu za kijiko, basi. Vitunguu na vingine vyote tukaviacha. Hilo ndilo jibu la swali lenu la simu. Mbegu za papai, mbegu za maboga, umubirizi, vyote hivyo ni mkono wa pili. Mkono wa kwanza ni ardhi kavu, jua, ufagio, na kutorudisha uchafu mahali kuku anapodonoa. Ukiwa na mkono wa pili peke yake utatwanga mpaka kinu kitoboke. Na kuku akishakuwa mifupa, usimchezee na majani, mtafute veterineri, siku hizi dawa zipo.

Kuku sita walibaki. Walionekana wanapata nguvu, vilemba vikaanza kuwa vyekundu, lakini kilemba kinaweza kukudanganya. Alhamisi ya lori ikawa imebaki siku mbili. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye pagne mbili za kitenge, nimeviona mlangoni. Nilimwambia asubiri mwezi mmoja zaidi. Akasema lori halimngoji mtu, na nafasi akiipoteza shemeji hatamtafutia nyingine.

"Mi nataka kujua leo," akasema. "We unasemaka matumbo inaonyesha. Basi fungua mumoja, nione."

"Una sita tu."

"Ninajua kuhesabu."

Alikwenda akamkamata jike lake bora, lile la madoadoa lililokuwa limeanza tena kutaga. Nilimwambia achague jingine. Alikataa. Alisema akichagua mgonjwa ataona ugonjwa, akichagua yule anayependeza ndipo atajua kama uzuri ule ni wa kweli au ni wa nje. Nikasema bismillahi, nikachinja.  Niliogopa. Kama utumbo ungekuwa umejaa, angepanda lile lori na mtoto wake, na ningekuwa mimi niliyewapandisha.

Nikapitisha vidole. Laini. Nikarudia. Karibu na mwisho vidole vikagusa kitu, kidogo. Nikapasua mbele yake kutoka juu hadi chini, juu ya bati safi, nikamwagia maji. Mama Faraja akainama hadi pua yake ikakaribia bati. Nikangoja ajionee.

"Iko tatu," akasema.

"Mitatu," nikakubali. Nikaanza kumweleza kwamba kuku hawezi kuwa bila hata mmoja, kwamba mitatu si kitu, kwamba hata veterineri atakwambia. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mtu anayejitetea polisi. Akainua mkono ninyamaze. Alikuwa bado anaiangalia ile minyoo mitatu kwenye bati, na ghafla mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Baba Mwajuma," akasema, anafuta macho kwa ncha ya pagne, "hii tatu njo yangu. Ile ingine yote ilikuwa yako."

Akamchukua jike lake kwa miguu, akamwita Faraja aweke maji motoni. Alhamisi lori la Uvira liliondoka, naye alikuwa nyuma ya nyumba anafagia mchanga.